Hesabu Zilizokwenda Pogo: Mwongozo Kamili wa Kutambua Upendeleo Katika Biashara, Utafiti na Pesa

Ukinunua samaki na mizani ya muuzaji inazidisha gramu 50, utalipia gramu 50 ambazo hukubeba. Rudi kesho, itazidisha hizo hizo. Pima mara mia, jumlisha, toa wastani: gramu 50 zipo pale pale. Mizani ya jirani yake imezeeka tu, mshale unatetemeka, leo inazidisha kidogo na kesho inapunguza kidogo. Hiyo ukipima mara nyingi, makosa hufutana na wastani husogea kwenye kweli.

Mwongozo huu unahusu mizani ya kwanza. Kosa linaloegemea upande mmoja kila mara haliponi kwa kuongeza vipimo, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Wanadhani wakihoji watu wengi zaidi, au wakisubiri miezi zaidi, ukweli utajitokeza wenyewe.

Kwa Kiswahili tumezoea kuliita upendeleo. Neno hilo ni sahihi, lakini linatufanya tumtafute mtu mwenye nia mbaya. Mimi hupenda kuliweka kando ya neno la zamani, upogo. Mashua iliyopakiwa mzigo upande mmoja huenda pogo hata kama nahodha ni mwaminifu na bahari imetulia. Katika utafiti, upogo ni tofauti ya kudumu kati ya kile ulichopima na hali ilivyo. Katika biashara ni uamuzi unaovutwa na matamanio, mazoea au sura ya mtu badala ya hesabu. Katika fedha humkuta anayewekeza, na pia humkuta anayekopesha.

Nilijifunza haya kwa pesa za dadangu. Dada ni mkubwa wangu, na alikuwa akishona na kuuza madera nyumbani Majengo, Mombasa. Akataka duka mjini, chama chao cha akiba na mikopo kikakubali kumkopesha, na kwa kuwa kazi yangu ni kukusanya maoni ya wateja kwa niaba ya wafanyabiashara, nikamfanyia utafiti bila malipo. Nilikaa Biashara Street siku sita, nikahesabu wanaoingia madukani, nikahoji wanawake 60. Hesabu zilipendeza. Akafungua. Baada ya miezi minane akafunga, na deni la chama akalilipa kwa kushona usiku.

Sikudanganya. Kila nambari niliyompa ilikuwa ya kweli. Siku zile sita zilikuwa za kumi la mwisho la Ramadhani, wakati Mombasa nzima inatafuta nguo za Idi.

Hatua ya 1: Andika kabla hujaangalia

Chukua daftari, si simu, maana kilichoandikwa kwa kalamu hakifutiki kirahisi. Andika mambo matatu: unadhani utakuta nini, utapima nini, wapi na siku gani, na ni matokeo gani yatakayokufanya uache mpango. Hilo la tatu ndilo zito. Asiyeweza kulijibu hafanyi utafiti, anatafuta baraka.

Kama ningeandika, "Siku ya kawaida wakiingia chini ya watu 40, hatufungui," yale maneno matatu, siku ya kawaida, yangenisimamisha. Ningejiuliza kama kumi la mwisho ni siku za kawaida. Sikuandika, kwa hiyo swali halikuja. Nilimpenda dadangu na nilitaka afanikiwe, na ukipenda, chongo huita kengeza.

Nguvu ya hatua hii imeonekana wazi kwenye utafiti wa dawa. Taasisi ya taifa ya moyo, mapafu na damu ya Marekani imekuwa ikigharamia majaribio makubwa ya tiba za moyo. Katika yale 30 yaliyochapishwa kabla ya mwaka 2000, majaribio 17 yalionyesha kwamba tiba inasaidia. Kuanzia 2000 watafiti walitakiwa kusajili mapema ni kitu gani hasa watapima. Katika majaribio 25 yaliyofuata, yaliyoonyesha manufaa ni mawili tu. Waliochambua hesabu hizo mwaka 2015 waliona usajili huo kuwa sababu kubwa: zamani mtafiti aliweza kupima mambo kumi, kisha akatangaza lile moja lililompendeza.

Na hata tukiwa na dhana wazi, huwa tunaijaribu vibaya. Mwanasaikolojia Peter Wason wa London alichapisha mwaka 1960 jaribio ambalo unaweza kulifanya nyumbani leo. Mwambie mtu: nina kanuni kichwani, na namba 2, 4, 6 zinaifuata, nitajie namba tatu tatu, nitakujibu kama zinafuata au la, mpaka uitambue. Wengi watasema 8, 10, 12. Ndiyo. 20, 22, 24. Ndiyo. Kisha watatangaza kwa uhakika kwamba ni kuongeza mbili. Kanuni yenyewe ni namba yoyote kubwa kuliko iliyotangulia. Angesema 1, 2, 3 angeshtuka kusikia "ndiyo", lakini ni wachache wanaojaribu namba wanayotarajia ikataliwe. Mwenye biashara hufanya vivyo hivyo: huwauliza wateja wake waaminifu kama bidhaa ni nzuri.

Hatua ya 2: Mtafute asiyekuwepo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapozama.

Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za kura ya maoni zipatazo milioni 10, na zaidi ya milioni 2 zikarudi. Kwa wingi huo likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Franklin Roosevelt kwenye uchaguzi wa rais. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, katika miaka ya dhiki ambapo maskini hakuwa na simu wala gari. Tena walioona haja ya kurudisha karatasi hawakuwa sawa na waliozitupa. Mpima maoni George Gallup, kwa sampuli ndogo mno ukilinganisha, alimtabiri mshindi. Mizani mbovu iliyopima mara milioni mbili ilishindwa na mizani nzima iliyopima mara chache.

Sasa lete jambo hili Mombasa. Ukihoji watu kivuko cha Likoni saa moja asubuhi, utawapata wanaokimbilia kazini kisiwani. Hutampata mama anayeuza nyumbani Mtongwe, wala mlinzi aliyetoka zamu na kulala. Ukiulizia bei ya samaki wakati wa kaskazi, bahari ikiwa tulivu na vyombo vinatoka, hesabu yako itakuangusha kusi ikianza na mawimbi kuwafunga wavuvi ufukoni. Ukituma dodoso kwenye makundi ya WhatsApp, umeshawaacha wasio na bando. Kwa hiyo kabla ya kuanza, andika orodha ya wale ambao njia yako haiwezi kuwafikia, kisha jiulize kama jibu lao lingekuwa tofauti. Likiwa tofauti, wafuate, hata ikibidi uhoji watu wachache zaidi kwa jumla.

Asiyekuwepo wa aina ya pili ni aliyekufa kibiashara. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanajeshi wa Marekani walitaka kujua waongeze chuma wapi kwenye ndege zao. Ndege zilizorudi zilikuwa na matundu mengi ya risasi mwilini na mabawani, machache kwenye injini. Abraham Wald, mwanahisabati aliyekuwa kwenye kundi la watakwimu pale Chuo Kikuu cha Columbia, aliutazama upande wa pili. Ndege zilizopigwa kwenye injini hazikurudi kuhesabiwa, kwa hiyo sehemu yenye matundu machache ndiyo ya kuogopwa.

Mimi nilihesabu maduka yaliyo wazi. Dada alipokuwa akitoa mabunda ya mwisho ya vitambaa, fundi viatu anayekaa barazani, hatua tatu kutoka mlangoni, alinisaidia kubeba. Akasema, "Pole sana, kaka. Hapa nyinyi ni wa nne."

"Wa nne vipi?"

"Kulikuwa na wa viatu, akaja wa manukato, akaja kijana wa simu. Hakuna aliyemaliza mwaka."

Nikamuuliza mbona hakuniambia zile siku sita nilizokaa pale na daftari. Akanijibu kwa upole, "Hukuniuliza mimi. Ulikuwa ukiwauliza waliobeba mifuko."

Tangu siku hiyo sipimi mahali pa biashara bila kumsalimia fundi viatu, mlinzi na muuza kahawa. Maswali ni matatu: katika miaka mitatu wamepita wapangaji wangapi hapa? Walikuwa wakiuza nini? Waliondoka kwa nini? Pia watafute wawili waliofunga uwaulize wenyewe. Watu hudhani waliofunga hawapendi kuzungumza. Nilivyoona mimi, wanazungumza sana, kwa sababu ni nadra mtu kuwauliza.

Hatua ya 3: Lisafishe swali, na umtazame anayeuliza

Sisi watu wa Pwani tuna adabu ya kutomvunja mgeni moyo. Ni sifa njema, lakini huharibu dodoso. Nilipokuwa nikiuliza kuhusu akiba, nilimwambia bibi mmoja wa Majengo, "Mama, huwa unaweka akiba kila mwezi?" Akasema, "Naam mwanangu, alhamdulillahi, lazima uweke." Nikaandika ndiyo. Baadaye, kahawa ikimiminwa, nikamuuliza tena kwa njia nyingine: "Na mwezi uliopita, ulipeleka shilingi ngapi kwenye chama?" Akafikiri. "Mwezi uliopita? La, mwezi uliopita tulikuwa na msiba. Na ule wa kabla yake mtoto alirudishwa nyumbani kwa kukosa karo." Hakusema uongo mara ya kwanza. Alijibu kuhusu anavyopaswa kuwa, na mimi ndiye niliyemuuliza hivyo.

Kwa hiyo uliza tendo lililopita, lenye tarehe, na kiasi. "Mara ya mwisho ulinunua dera lini, wapi, kwa bei gani?" lina thamani kuliko "Je, ungependa duka la madera bora kwa bei nafuu?" Nani atasema hapendi? Usimuulize mteja mbele ya mwenye duka. Usimtume kijana amhoji mama mkwe wake. Na kama mnaonjesha vyakula viwili, anayegawa sahani asijue kipi ni cha nani, kwa sababu uso wake utamwambia mwonjaji lipi jibu linalotakiwa. Watafiti wa dawa hufanya hivyo kwa daktari na mgonjwa, na hakuna sababu mpishi wa pilau asifanye.

Hatua ya 4: Weka nanga yako kabla hujawekewa

Wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza mwaka 1974 jaribio moja linalotuhusu hata kwa jina. Walizungusha gurudumu la namba mbele ya watu, kisha wakawauliza ni asilimia ngapi ya nchi za Umoja wa Mataifa zinatoka Afrika. Gurudumu liliposimama kwenye 10, jibu la katikati lilikuwa 25. Liliposimama kwenye 65, jibu lilikuwa 45. Kila mtu aliona kwamba gurudumu halijui chochote kuhusu Afrika, na bado lilimvuta.

Mji wa bandari hauhitaji kuelezwa kazi ya nanga. Dalali wetu alianza na kodi ya shilingi 60,000 kwa mwezi. Tukavutana hadi 48,000, tukatoka tumefurahi kwamba tumeokoa 12,000. Miezi miwili baadaye nikajua kwamba duka la pembeni, ukubwa ule ule, linalipa 35,000. Tulikuwa tumejadiliana kuzunguka namba yake.

Dawa ni kazi ya asubuhi moja. Kabla ya kumpigia dalali, pata bei tatu kutoka kwa wapangaji wa mtaa huo huo, andika kikomo chako, uingie nacho mfukoni. Akitaja bei ya juu sana, usiijibu kwa kupunguza kidogo kidogo. Taja yako, na ueleze umeitoa wapi. Jambo hili ni lile lile kwenye mshahara au bei ya gari la mkono wa pili.

Hatua ya 5: Pesa iliyokwisha kutoka isikushike mkono

Kahneman na Tversky walionyesha pia kwamba uchungu wa kupoteza huuma karibu mara mbili ya utamu wa kupata kiasi kile kile. Ndiyo maana mtu huuza hisa iliyopanda ili afurahie, na huishikilia iliyoshuka ili asikiri hasara. Wataalamu wa fedha Shefrin na Statman waliieleza tabia hiyo mwaka 1985. Nimeiona kwenye shehena, mashamba na tuktuk mbovu.

Mwezi wa tano wa duka, dada aliniambia, "Ndugu yangu, nimeshatia laki tatu humu. Nikifunga, zimekwenda." Zilikuwa zimekwenda tayari. Maji yakimwagika hayazoleki. Swali la kumuuliza lilikuwa moja, na sikuwa na moyo wa kulitamka: "Kama leo duka hili lisingekuwa lako, ungelichukua kwa kodi hii, kwa wateja hawa?" Miezi mitatu iliyofuata ilimgharimu kodi 48,000 mara tatu. Basi andika mapema, siku ya kufungua, ni lini mtakaa kuuliza swali hilo. Mkilisubiri mpaka hali iwe mbaya, hakuna atakayekuwa na moyo wa kuliuliza.

Kinyume chake ni kuvutwa na ushindi wa karibuni. Mwaka 2006 hisa za KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya, ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 11.90, na zilipoanza kununuliwa sokoni bei ikapanda zaidi ya mara mbili. Zilipokuja za kampuni ya simu ya Safaricom mwaka 2008 kwa shilingi 5, watu wengi waliingia wakitarajia marudio, wengine kwa pesa za mkopo. Mapema mwaka uliofuata bei ilikuwa chini ya shilingi 4. Aliyekuwa na subira ya miaka alikuja kufaidi sana, lakini aliyekopa kwa matumaini ya kuuza wiki ya kwanza alibaki na riba. Kosa lilikuwa kulichukua tukio moja la karibu kama ada ya soko.

Hatua ya 6: Uliza nani amelipa

Fupi tu. Mwaka 1967 jarida maarufu la tiba la Marekani lilichapisha mapitio ya watafiti wa Harvard yaliyoelekeza lawama za ugonjwa wa moyo kwenye mafuta na kuipunguzia sukari. Mwaka 2016 nyaraka za zamani zilionyesha kwamba chama cha wafanyabiashara wa sukari ndicho kilichogharamia, bila kutajwa. Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Ripoti ya mpangishaji kuhusu wingi wa wateja, ushauri wa ajenti anayelipwa kamisheni, hata utafiti wangu kwa dadangu: soma, lakini kwanza andika juu ya ukurasa nani anafaidika ukiamini.

Hatua ya 7: Mtu asipimwe kwa jina lake

Upogo ukiwa kwenye vitambaa, unapoteza pesa. Ukiwa kwenye watu, unamnyima mtu riziki. Nimekaa kwenye kamati za mikopo ambapo jina la ukoo, mtaa au "huyu ni wa bara" vilitamkwa kabla ya mtu kufungua daftari la mwombaji. Chama kinaweza kuacha hili jioni moja: katibu aandike maombi kwa namba, bila jina wala mtaa, yakiwa na historia ya malipo, kiasi, na mpango wa kurudisha. Kamati itoe alama kwanza, kisha majina yafunuliwe. Kwenye ajira, waulize waombaji wote maswali yale yale kwa mpangilio ule ule, na kila mjumbe aandike alama zake kabla mwenyekiti hajasema neno.

Sheria iko upande wako. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakataza ubaguzi. Na kama ni programu ya simu iliyokunyima mkopo bila mtu kuangalia, jua kwamba kompyuta iliyofundishwa kwa maamuzi ya zamani huyarithi makosa yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inakuruhusu kuomba uamuzi uliofanywa na mashine peke yake uangaliwe upya. Iandikie kampuni, taja kifungu, weka nakala. Wakikupuuza, kuna Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Hatua ya 8: Mpe mtu kazi ya kupinga

Nyani haoni kundule. Ndiyo sababu hatua saba zote hazitoshi ukizifanya peke yako. Chagua mtu mmoja kabla ya uamuzi, mpe ruhusa mbele ya wote, na kazi yake iwe kutafuta sababu za kushindwa. Bila ruhusa hiyo ataonekana ana kijicho. Asiwe mdogo mno hata ashindwe kusema mbele ya wakubwa, na asiwe na fungu kwenye faida.

Dada sasa anataka kibanda karibu na Mwembe Tayari. Safari hii tumeandika kwanza. Kikomo cha kodi kipo kwenye ukurasa wa pili, pamoja na idadi ya wanunuzi ambayo chini yake hatuingii: saba kwa siku. Wapangaji waliotangulia tumewauliza. Mmoja alihama kwa ugonjwa, mwingine alifilisika. Anayepinga ni binti yake, ambaye hana haya na namba. Nimeanza kuhesabu mfunguo pili, mwezi usio na Idi, na nimechagua kwa kura siku za kukaa: Jumanne moja, Jumamosi moja, na Jumatano ya katikati ya mwezi, watu wakiwa hawajalipwa.

Jumanne ilinyesha. Mpaka saa kumi jioni wanawake wanne walikuwa wamenunua nguo kwenye vibanda vya jirani. Dada alinipigia akaniambia, "Siku ya mvua usiihesabu, ndugu yangu, chagua nyingine." Binti yake akachukua simu, akasema Mombasa mvua hunyesha. Tumeandika wanne.